Kilomita 152

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Chalinze kuniambia kwamba kisanduku changu kimeharibika.

“Dada, nimetoka Dar alfajiri,” alisema, na nyuma yake nilisikia wachuuzi wakinadi maji na korosho dirishani mwa basi. “Nikiwa Sinza kilisema kilomita 152. Saa hizi niko Chalinze, kinasema 151. Yaani safari yote hii nimesogea kilomita moja?”

Nilikuwa kibandani kwangu Tanga mjini, bisibisi mkononi, simu ya mteja imefunuliwa mezani. Nilimjibu kwamba hakijaharibika, aendelee na safari. Akakata. Nikabaki nimeishika simu, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza katika miezi kumi na moja mdogo wangu kunipigia yeye mwenyewe.

Kisanduku hakikukosea. Kinapima umbali kwa mstari ulionyooka, kama uzi uliovutwa juu ya ramani, na barabara ya Tanga haifuati uzi huo. Hutoka Dar es Salaam ikielekea magharibi mpaka Chalinze, ndipo ikageuka kaskazini. Kwa hiyo abiria wa Tanga, saa za mwanzo, huwa kama anazunguka ukingo wa duara ambalo kitovu chake ni Pangani. Anakwenda, lakini hakaribii.

*

Nianze na kisanduku chenyewe. Ni cha mbao ya mninga, kinapakatika. Juu kina skrini ndogo ya mistari miwili na kitufe kimoja. Ukibonyeza kinaamka, kinatafuta setilaiti angani, kinakuandikia kilomita zilizobaki na idadi ya majaribio yaliyobaki, kisha kinajizima. Hakikuambii ni upande gani. Kifuniko kimefungwa kwa komeo la ndani linalosukumwa na mota ndogo, na komeo hilo litafunguka mahali pamoja tu duniani. Nilimpa mdogo wangu majaribio 40.

Wazo si langu. Mwaka 2009 Mmarekani mmoja wa Texas, mwandishi wa programu aitwaye Mikal Hart, alitaka kumpa rafiki yake aliyekuwa Ufaransa zawadi ya harusi. Badala ya kumpelekea zawadi tu, alitengeneza sanduku lisilofunguka mpaka lifikishwe mahali alipopachagua yeye, na akaliwekea majaribio 50. Kisha akaeleza hadharani alivyolitengeneza, akaachia bure maktaba ya programu aliyoiandika kwa ajili ya kusoma ishara za GPS. Mafundi wa nchi nyingi wakaiga. Nami ni mmoja wao, mwenye kibanda cha kutengeneza simu na vipuri vilivyoagizwa Kariakoo.

Nilipokuwa natengeneza kisanduku nilianza kusoma historia ya vitu nilivyokuwa navichomelea. Mwanzoni nilisoma kwa udadisi wa fundi. Baadaye nilisoma kwa sababu nyingine, nitaieleza.

*

Kujua ulipo halikuwa jambo dogo kamwe, na mara nyingi aliyejua hakumwambia kila mtu.

Katika Bahari ya Hindi manahodha walikuwa na kamali, kibao kidogo cha mbao chenye kamba iliyofungwa mafundo. Nahodha aliuma fundo kwa meno, akakinyoosha kibao mbele ya jicho mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse Nyota ya Kaskazini, huko juu kwenye bahari za Arabia na India ambako nyota hiyo huonekana. Urefu wa nyota ulimwambia yuko kaskazini au kusini kiasi gani. Elimu hiyo ilipita kwa mwalimu na mwanafunzi wake chomboni. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, alichohitaji kuliko maji na matunda kilikuwa rubani, mtu mwenye njia ya India kichwani.

Lakini kamali haikujua mashariki wala magharibi. Tatizo hilo liliua watu wengi. Mwaka 1707 manowari nne za Uingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly, karibu kabisa na nyumbani, kwa sababu waliokuwemo walidhani wako kwingine. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likatangaza zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayeweza kuipata longitudo baharini. Aliyelitatua hasa ni John Harrison, seremala aliyejifundisha kutengeneza saa. Alichokithibitisha ni kwamba mahali ni wakati. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Ukiwa na saa isiyopotea inayokuambia ni saa ngapi kwenu, ukailinganisha na jua la hapo ulipo, umejua umeenda mbali kiasi gani. GPS iliyomo kisandukuni mwangu ni mjukuu wa saa ile.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik. Katika maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Maryland, vijana wawili, William Guier na George Weiffenbach, walitega redio wakaisikiliza ikilia. Waligundua kwamba sauti yake inapanda kidogo inapokuja na kushuka inapoondoka, kama honi ya bodaboda inayokupita barabarani. Kwa mabadiliko hayo tu waliweza kukokotoa njia ya setilaiti angani. Mwaka uliofuata mkubwa wao, Frank McClure, akawauliza swali la kinyume: ikiwa mtu anayejua alipo anaweza kuipata setilaiti, je, mtu anayejua setilaiti ilipo anaweza kujipata yeye?

Inawezekana. Lakini aliyelihitaji jibu hilo alikuwa jeshi la majini la Marekani, lililotaka nyambizi zake zenye makombora ya nyuklia zijue zilipo kabla ya kufyatua. Hivyo ukazaliwa mfumo wa kwanza, Transit. Mwaka 1973 Pentagon ikaamua kujenga mfumo mkubwa zaidi, na mwaka 1978 setilaiti ya kwanza ya GPS ikaruka.

Utendaji wake naufupisha hivi. Kila setilaiti, zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu, imebeba saa za atomiki na kazi yake ni kutangaza mambo mawili: niko hapa, na saa ni hii. Ishara inafika kwako kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kipokezi kinapima imechelewa kiasi gani, na uchelewaji huo ndio umbali. Ukijua umbali wako kutoka setilaiti tatu umejipata. Ya nne inahitajika kwa sababu saa ya kipokezi chako ni ya bei rahisi na haiaminiki. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni sawa na mita 300 ardhini. Hata nadharia ya Einstein imo: huko juu saa hukimbia kuliko zetu kwa takriban mikrosekunde 38 kwa siku, na zisiporekebishwa, kila siku ramani yako ingeteleza kilomita zaidi ya kumi.

Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia anga ya Wasovieti, ikatunguliwa. Watu 269 walikufa. Serikali ya Reagan ikatangaza kwamba GPS itakapokamilika, raia wa dunia nzima wataitumia bure.

Walitimiza, ila kwa sharti. Kuanzia mwaka 1990 ishara ya raia ilivurugwa kwa makusudi. Jeshi la Marekani lilibaki na ishara sahihi, na sisi wengine tulipewa iliyotiwa kosa linalobadilikabadilika, kwa hiyo kipokezi chako kingeweza kukuweka hadi mita 100 kutoka ulipo. Si uongo kamili. Ulikuwa kweli katika mji huo, kweli karibu na mto huo. Ila hukuweza kujua uko ng'ambo ipi ya mto.

Niliposoma hapo niliweka chini chuma cha kulehemu. Nilikuwa nimekaa nikisoma habari za jeshi la taifa kubwa, kumbe nasoma habari zangu.

*

Mama yetu aliambiwa ana saratani ya shingo ya kizazi tarehe 11 Februari. Ilikuwa imekwenda mbali. Mdogo wangu alikuwa kidato cha sita katika shule ya bweni mkoa mwingine, mtihani wake ulikuwa Mei, na wanafunzi hawakuruhusiwa simu. Nilizungumza naye Jumapili kupitia simu ya mwalimu wa zamu, dakika tano, na kila Jumapili aliuliza swali moja: Mama hajambo?

Mama alikuwa ameniomba. “Mwache mtoto asome,” alisema. Sitajificha nyuma ya ombi hilo, kwa sababu kinywa kilichojibu kilikuwa changu. Nilisema hajambo, anaumwaumwa kidogo. Wiki nyingine nilisema presha. Wiki nyingine nilisema amechoka, amelala, anakusalimia. Kila nilichosema kilikuwa karibu na ukweli. Presha alikuwa nayo kweli, na kulala alikuwa amelala. Nilikuwa nampa mdogo wangu ishara iliyovurugwa, ya kweli kwa mita mia, na ile sahihi nikabaki nayo mwenyewe.

Mama alifariki siku mbili kabla ya mdogo wangu kumaliza mtihani wa mwisho. Tulizika siku ileile, kama ilivyo desturi. Alipofika Bweni kaburi lilikuwa limekwisha kauka udongo wa juu. Alinikuta uani, hakulia, akaniuliza, “Ulijua lini?”

Pale nilikuwa na nafasi. Nikasema, “Siku za karibuni tu. Mambo yalikwenda haraka.”

Kwenye arobaini, mama yetu mdogo, bila kujua, akataja mbele yake safari za hospitali tangu Februari. Nilimwona mdogo wangu akihesabu miezi kichwani. Tangu hapo hakunigombeza, hakunitukana. Alianza chuo Dar es Salaam na akaacha kupiga simu. Nikipiga mimi alipokea, akajibu salama, akasema yuko darasani. Likizo hakuja. Watu wa kwetu wakawa wananiuliza, mdogo wako vipi? Nikawa nawajibu, hajambo, masomo tu.

*

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilizima ule uvurugaji. Rais Clinton ndiye aliyetangaza. Hakuna aliyehitaji kununua kipokezi kipya wala kubadilisha chochote. Watu waliolala na kifaa kinachokosea mita mia waliamka na kifaa kinachokosea mita chache.

Cha kwanza ambacho mtu mmoja alifanya na ukweli ule kilikuwa mchezo. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer wa Oregon alichukua ndoo, akatia ndani vitabu, manati, kopo la maharage na vikorokoro vingine, akaificha porini karibu na Beavercreek na kuwatangazia wengine latitudo na longitudo yake. Sharti: ukiipata, chukua kitu, acha kitu. Ndani ya siku chache ilikwisha kupatikana. Leo mchezo huo wa kusaka hazina unachezwa pande zote za dunia, na kisanduku cha Hart ni uzao wake uliogeuzwa: badala ya kwenda kutafuta hazina iliyofichwa, unaibeba hazina na kutafuta pa kuifungulia.

Nilipenda sana mfuatano huo wa tarehe. Uvurugaji umezimwa leo, keshokutwa watu wanapeana zawadi. Nikafikiri, pengine kwangu pia. Ningeweza kumwandikia mdogo wangu ujumbe kwamba nilijua tangu tarehe 11 Februari. Niliuandika mara nyingi na kuufuta. Ujumbe wa simu husomwa kwenye foleni ya chakula na kufungwa. Nilitaka ausome pale Mama alipo, na nilitaka aje kwa miguu yake. Ndipo nikampa fundi seremala vipimo vya kisanduku.

Kusema kweli, sampuli ya kwanza sikuitengeneza kwa mbao. Nilitumia kopo la biskuti, na kipokezi hakikuona setilaiti hata moja. Nilitoa lawama kwa muuzaji wa Kariakoo mpaka nilipokumbuka nilichofundishwa chuoni: bati huzuia mawimbi ya redio. Nilikuwa nimemfungia gizani nikamuuliza mbona huoni.

Kosa la pili lilikuwa la alama moja. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yetu huandikwa kwa alama ya kutoa mbele. Niliisahau. Kisanduku kikanieleza kwa utulivu kabisa kwamba hazina iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka kibandani kwangu. Nilipotafuta kwenye ramani nikaona nimeizika kusini mwa Ethiopia. Kifaa kinafanya kile tu ulichokiambia.

Kisha nikaenda Bweni kuchukua vipimo. Nilivuka kwa kivuko, nikapita katikati ya minazi mpaka kaburini, nikaweka kipokezi juu ya mchanga kando ya jiwe la kichwani na kukiacha kiandike kwa nusu saa. Nilipozichora zile nukta kwenye karatasi hazikuangukia mahali pamoja. Zilitapakaa mita kadhaa huku na huku, kama kuku waliomwagiwa mtama. Hewa, majani ya minazi na saa za bei rahisi vyote vina sehemu yao. Hakuna anayekudanganya, lakini ukweli bado unatikisika. Nilichukua wastani, nikaweka duara la mita 40 kulizunguka kaburi ili nisimwadhibu mtu kwa makosa ya hewa.

Nikiwa nimekaa pale nilikumbuka jambo nililokuwa nimelisoma wiki hiyo. Ili saa za setilaiti zisipotee, kuna vituo ardhini vinavyozisikiliza na kuzirekebisha. Kimojawapo kiko katika bahari yetu hii, kisiwani Diego Garcia. Watu wa visiwa hivyo vya Chagos, wengi wao vizazi vya watumwa waliotolewa Msumbiji na Madagaska, waliondolewa wote na Uingereza kati ya mwaka 1968 na 1973 ili kupisha kambi ya jeshi la Marekani. Walitupwa Mauritius na Ushelisheli. Kwa miongo mingi walidai, pamoja na haki ya kurudi, jambo dogo kabisa: kuruhusiwa kwenda kufagia makaburi ya wazazi wao. Kwa hiyo kila simu ya dunia inayosema “uko hapa” inasaidiwa na kisiwa ambacho wenyewe hawako. Wao hawakuhitaji kuambiwa kaburi liko latitudo gani. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunatenganishwa na nauli ya basi na kivuko.

Nilirudi Tanga. Ndani ya kisanduku niliweka daftari la hospitali la Mama, lenye kila tarehe kuanzia 11 Februari, na ufunguo wa nyumba. Nikakifunga, nikampa kondakta wa basi la Dar, nikatuma namba ya simu ya mpokeaji. Sikuandika barua.

*

Baadaye nilijua kilichotokea. Mdogo wangu anasoma hesabu. Siku ya kwanza alibonyeza akiwa Sinza: 152. Jumamosi akaenda Kibaha kwa rafiki yake: 149. Jumapili akapanda daladala mpaka Bagamoyo: 113. Akafungua ramani, akachukua bikari, akachora duara tatu. Pale zilipokutana pwani ya kaskazini hakuhitaji kusoma jina. Alikuwa amefanya kwa mkono hesabu ileile ambayo kipokezi hufanya na setilaiti, na akaimaliza kwa majaribio matatu kati ya 40.

Kisha akakiweka kisanduku juu ya kabati la nguo, kikakaa huko miezi mitatu.

Mimi nilikuwa nimebuni fumbo la mahali, na fumbo hilo alilifumbua wikiendi moja. Mahali hapakuwa shida. Nami nilisubiri, nikidhani labda betri imekufa, au labda mwanga wa skrini hauonekani vizuri. Fundi hupenda kuamini kwamba kila kimya ni hitilafu.

Ndiyo maana simu ile ya Chalinze ilinitoa jasho. Baada ya hapo alinitumia tarakimu tupu, bila salamu. Segera: 48. Muheza: 36. Kisha, alipoingia Tanga, akapiga tena. “Muheza ilikuwa 36, hapa ni 42. Dada, kinarudi nyuma.”

“Hakirudi,” nilisema. “Pangani iko kusini mwa Tanga. Subiri hapo stendi, nakuja.”

Sikuwa nimepanga kuwepo. Katika mawazo yangu alikuwa akifungua peke yake, anasoma, ananisamehe, ananipigia. Lakini nilifunga kibanda nikaenda. Amekonda, amefuga ndevu chache za uanafunzi. Alinipa mkono. Tulipanda gari la Pangani tukakaa kiti kimoja, kisanduku kati yetu kama mtoto wa tatu, na hatukuzungumza mengi. Alibonyeza mara moja njiani, mkonge ukipita dirishani pande zote mbili: 17. Alibonyeza mara moja kwenye kivuko, katikati ya mto: 1.

Upande wa Bweni tulitembea. Alipoingia kwenye njia ya minazi alisimama, akabonyeza, akasubiri. Setilaiti huchukua muda chini ya miti. Skrini ikaandika mita 38. Halafu tukasikia mota ikilia na komeo likirudi nyuma, mlio mdogo kama wa kufuli la sanduku la bati la shule.

Alichuchumaa palepale. Alitoa ufunguo akautia mfukoni bila kuutazama. Daftari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, taratibu, kidole kikifuata tarehe. Mimi nilisimama hatua chache nyuma yake.

“Tarehe 11 Februari,” alisema.

“Ndiyo.”

“Siku ileile ulijua?”

“Siku ileile. Nilikuwa naye chumbani kwa daktari.”

Alinyamaza. Kisha nikaanza kueleza yote niliyokuwa nimeyapanga, kwamba Mama ndiye aliyetaka, kwamba ningemwambia angefeli. Alinikatiza kwa sauti ya chini.

“Pengine ningefeli,” alisema. “Ilikuwa juu yangu kufeli, Dada.”

Sikuwa na jibu, na bado sina. Nilisema nimekosa. Nililisema bila kutia presha wala uchovu wala mambo kwenda haraka. Yeye aliinuka, akapangusa magoti, akatembea mita zile 38 zilizobaki peke yake. Hakurudi mpaka adhana ya magharibi.

Alilala nyumbani siku mbili. Hatukukumbatiana, hatukumaliza lolote. Asubuhi ya pili alikuja na kisanduku mezani nikiwa nakunywa chai, akaniuliza latitudo na longitudo zinaandikwa wapi ndani ya programu. Nikamwonyesha mstari wenyewe. “Usisahau alama ya kutoa,” nikamwambia, nikamsimulia ya Ethiopia, akacheka kidogo.

Aliondoka nacho. Wiki iliyopita kondakta wa basi la Dar alinipigia simu akasema nina mzigo stendi. Kimefungwa. Ukikitikisa, kuna kitu chepesi kinagonga mbao. Nilikibonyeza mara moja hapo kibandani: kilomita 190, majaribio 39.

Nimeshakata tiketi ya basi la Jumamosi. Najua kwamba nikifika Muheza nitakuwa bado naona tarakimu haishuki kama ninavyotaka.